Maganda Yaliyozikwa Nyuma ya Jiko

Shimo lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo kuku hawafiki kwa sababu ya seng'enge, na aliyelichimba hakufanya kazi ya kubahatisha. Alilifukia, akalikanyaga, kisha akaliwekea jiwe juu. Konstebo Swafwan alipoliondoa jiwe na kufukua kwa kijembe, yakatokea maganda ya vidonge, konzi kwa konzi, kila moja limevutwa likawa nusu mbili na ndani hamna kitu.

"Si niliwaambia?" Salwa alipiga makofi mara moja. "Mtu asiye na lake jambo atazika nini? Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Inspekta Kahaso alilisogelea shimo. Alichuchumaa, akavaa glavu, akaokota ganda moja na kuligeuza kwenye jua. Alikuwa mwanamke wa Kinango, mrefu, mkavu wa maneno, na katika miaka yake ya upelelezi alikuwa amejifunza kwamba ushahidi unaojileta wenyewe mpaka miguuni hauna budi kuulizwa umetoka wapi.

Kesi ilikuwa hivi. Bi Mishi, mama yake Salwa, mwanamke wa Munje aliyependwa na kijiji kizima, alianguka alfajiri baada ya kula daku. Alikimbizwa hospitali hajitambui. Daktari alikuta sukari katika damu yake imeshuka hadi karibu na kwisha, akamtundikia dripu. Ikapanda, ikashuka tena, ikapandishwa, ikashuka. Wala Bi Mishi hakuwa na ugonjwa wa sukari. Kitu pekee kigeni alichokuwa akitumia ni vidonge alivyoletewa na mkwewe, Warda.

Warda alikuwa mke wa Kheri, kakake Salwa, ambaye kazi yake ilikuwa Katari. Warda mwenyewe alikanda wageni mwili katika hoteli moja ya Diani, na huko ndiko alikowaona wazee wa Kizungu wakivimeza pamoja na chai ya asubuhi. Salwa alipopewa habari ya vidonge hivyo hakungoja hata kuvua buibui. Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja polisi kumshitaki wifi yake. Watu wa pwani wanayajua mambo ya mawifi. Hapana haja ya kuyaeleza. Sasa Warda alikuwa ndani, na kama siku ingekwisha bila neno jipya, kesho yake angepandishwa Kwale mbele ya hakimu kwa shitaka la kutaka kumuua mama mkwe wake.

Katika maelezo yake Warda alisema vidonge vile ni vya kuzipa seli nguvu. Koplo aliyeandika akamwambia seli anayoijua yeye ni moja tu, ile aliyomo, na hiyo haina nguvu hata ya kuzuia mbu. Warda hakucheka. Alieleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, na ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho NAD, ambacho ni mfano wa mafuta ya koroboi: kikipungua, mwanga hufifia. Mtu akizeeka hupungua. Vidonge hurudishia.

Kahaso alikuwa amempigia daktari kuyapima maneno hayo. "Ni elimu changa," daktari alisema. "Panya wamechangamka, watu bado tunangoja. Lakini kwa jinsi ninavyovijua, vidonge hivyo havimwangushi mtu namna hii. Inspekta, kuna kitu kingine tumboni mwa huyu mama. Nitajie ni kitu gani, nijue namna ya kupambana nacho. Bila hivyo mimi namwaga maji kwenye gunia."

Kwa hiyo hazikuwa kesi mbili mbalimbali. Jibu lilikuwa moja, la Bi Mishi na la Warda pia, na saa zilikuwa zinakwenda.

"Amevitoa unga wake, akatia sumu," Salwa aliendelea. "Anaitaka nyumba hii. Kakangu yuko mbali, babangu kapooza, mimi niko Mombasa. Aliyebaki njiani ni mama."

"Swafwan," Kahaso aliita. "Wewe ungetaka kunitilia sumu ndani ya kidonge, ungefanyaje?"

Konstebo alipangusa jasho. Alikuwa amefunga, jua la Munje halina huruma, na kufukua shimo kulikuwa kumemkausha midomo. "Ningelifungua ganda, afande. Ningemwaga kilichomo, nitie changu, nilifunge tena."

"Na ganda ungelipeleka wapi?"

"Ganda si ndilo ningekupa umeze?" Kisha akalitazama lile shimo upya.

"Mwenye kutia sumu analihitaji ganda," Kahaso alisema. "Huyu hakulitaka ganda. Alitaka unga."

Salwa alikunja uso. Kahaso aliyatia maganda kwenye mfuko wa ushahidi, akainuka, akaanza kuzunguka uwanja pole pole. Karibu na shimo palikuwa na beseni ya plastiki imelazwa ubavu. Ukingoni mwake pamekauka udongo mwekundu. Akalitazama jiko: limefagiwa, sufuria zinang'aa, hata majivu yamezolewa. Nyumba safi namna ile haiachi beseni na matope bila sababu.

Aliingia jikoni. Juu ya rafu vilisimama vichupa viwili vya kioo, vya asali zamani, kimoja kina kifuniko cha kijani, kingine chekundu. Vyote viwili vilikuwa na unga mweupe. Kahaso aliviinua kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa safi, isipokuwa shingoni, kwenye mizunguko ya kifuniko, palipobakia chembe chembe za ule ule udongo mwekundu.

"Konstebo, kwenu ni wapi?"

"Shirazi, afande. Si mbali na hapa."

"Nyinyi mna desturi ya kuosha chupa kwa udongo?"

"Udongo?" Swafwan alikuwa karibu kucheka, kisha kicheko kikamfia. Akakisogelea kichupa, akakichungulia shingo, akatoka nje kuiangalia beseni, akarudi. "Afande, hapa pametwaharishwa."

"Nieleze mimi niliyesoma shule ya misheni."

"Chombo kikiguswa na najisi ya nguruwe, kwa madhehebu yetu huoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hakuna sababu nyingine ya kukitia kichupa cha asali matope mpaka shingoni." Akakuna kidevu. "Na yale maganda... subhanallahi. Mamangu mwenyewe hataki kuviona vidonge vya ganda. Kwenye darasa zao za wanawake wameambiwa ganda hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Kitu hicho hukitupi jaani kuku wakala, wala hukichomi mekoni unapopikia. Utakizika."

"Basi aliyezika ni nani?"

"Mtu anayeiogopa najisi. Aliyetaka dawa lakini hakulitaka ganda."

Kahaso alichukua simu, akapiga kituoni, akaomba mshukiwa apewe simu azungumze. Sauti ya Warda ilikuja ikiwa imechoka.

"Shikamoo, inspekta."

"Marahaba. Nina swali moja. Maganda ya vidonge vyako yametengenezwa kwa nini?"

"Kwa mmea. Nilimsisitiza aliyeniagizia asiniletee ya mnyama, nikijua yanakwenda kwa nani. Imeandikwa ubavuni mwa kopo, kwa Kiingereza, kwa herufi za sisimizi."

"Mama mkwe wako anasoma Kiingereza?"

"Hasomi."

"Wewe ulimwambia?"

"Hakuniuliza. Na mimi ningeanzaje, inspekta? Nimwekee mama mkwe wangu zawadi mkononi, na mwezi mtukufu uko mlangoni, halafu nimtajie nguruwe?"

Kahaso alikata simu. Mmoja alinyamaza kwa heshima, mwenzake akanyamaza kwa haya, na katikati ya watu wawili waungwana likachimbwa shimo. Alilihisi jibu karibu, lakini halijafika. Kuosha vichupa hakumzimishi mtu.

Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti nzito, ya kukwama kwama. "Maji."

"Babangu huyo," Salwa alisema, akachota kikombe. "Tangu kiharusi kimshike amebakiwa na maneno machache, na siku hizi anatumia hilo moja tu. Maji, maji. Shuka nazifua mpaka mikono imechubuka."

Kahaso alimfuata. Mzee Mwinyihaji, aliyekuwa seremala wa milango, alilala kitandani, mwili mkubwa, upande wa kushoto hauna habari. Alikunywa kikombe chote, akatazama kikombe kitupu, akasema tena, "Maji."

"Ana maradhi gani mengine?"

"Sukari, ya miaka mingi. Lakini anatumia dawa, na kila siku nampa kwa mkono wangu. Tembe zinamkwama kooni, kwa hiyo mama huzitwanga kwenye kinu cha iliki, anatia kwenye kichupa. Ni kidogo tu, ncha ya kisu, kwenye uji. Kichupa cha kifuniko cha kijani ndicho cha baba."

"Na chekundu?"

"Cha mama mwenyewe. Sikujua ni cha nini, nilimwona tu kila baada ya futari akitia kijiko kwenye maziwa. Nilidhani gamu arabu, ile gundi ya mti wanayokunywa watu."

Swafwan alimtazama inspekta. Kahaso hakumtazama yeye. Alikuwa amekwishavuta kigoda na kukaa mbele ya Salwa, magoti karibu yagusane, kama mtu aliyekuja kubarizi.

"Jiko lako linapendeza," alisema.

Salwa alilegea kidogo. Alikuwa amengoja sifa hiyo tangu aingie Munje. "Ungeliona nilipofika! Nilikuja kumsaidia mama kwa ajili ya mfungo. Nakuta yeye anasali adhuhuri, na jikoni vitu vimeachwa hivi hivi. Vichupa viwili vimeoshwa, vimeinamishwa juani. Vifuniko kando. Na mezani visahani viwili vya unga mweupe, havikufunikwa hata kwa kawa. Nzi, inspekta! Nikavikausha vichupa, nikautia kila unga mahali pake, nikafunga, nikapanga. Mama alipotoka kwenye msala alikuta pametakata. Alinishika kichwa akaniombea dua."

"Kila unga mahali pake."

"Ndiyo."

"Ulijuaje mahali pake?"

Macho ya Salwa yalihama kutoka kwa Kahaso, yakaenda rafuni, yakarudi.

"Wote... unga wote ulikuwa mweupe," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo isiyofanana na yake.

Kahaso hakumsukuma. Aliomba sahani nyeusi; ikapatikana sinia ya bati iliyoungua. Akamimina kidogo kutoka kichupa chekundu upande mmoja, na kidogo kutoka cha kijani upande mwingine, akakusanya kila fungu kwa ncha ya karatasi. Unga wa kichupa cha kijani ulikuwa laini sawasawa, umetoka kiwandani vile. Unga wa kichupa chekundu ulikuwa na punje. Kahaso alizitenganisha moja moja mpaka akaipata aliyokuwa akiitafuta: kipande kidogo, ukingo wake umeviringa, na katikati yake umepita mfuo ulionyooka, ule unaochorwa kwenye tembe ili mtu aweze kuivunja nusu.

"Kidonge cha ganda hakina mfuo," alisema. "Hii ni tembe iliyotwangwa. Ni dawa ya sukari ya mzee, na imo ndani ya kichupa cha Bi Mishi."

"Afande," Swafwan alinong'ona, "na mzee anakula ncha ya kisu. Mama alikuwa anatia kijiko kizima."

"Kijiko kizima, kila jioni, juu ya tumbo lililoshinda na njaa."

Hakutaka hata hivyo kuiegemeza kesi juu ya punje moja. Alimtuma Swafwan kwenye zahanati, naye akarudi na muuguzi aliyeitwa Mercy na mashine ya kupimia sukari. Mercy alimwamkia mzee, akamchoma kidole, akangoja, akaiangalia mashine na kuinua nyusi.

"Iko juu mno. Huyu ni kama mtu aliyeacha dawa tangu mwezi uandame."

"Hakuacha," Kahaso alisema. "Amekuwa akipewa vidonge vya ujana."

Jambo lenyewe sasa lilisimama wima. Bi Mishi aliogopa najisi, akaliondoa ganda, akabakisha unga. Baadaye wasiwasi ukamwingia kwamba kijiko alichojazia vichupa kilikuwa kimoja, kwa hiyo vichupa vyote viwili vina najisi. Akamimina unga wa kila kichupa kwenye kisahani chake, akavitwaharisha vichupa ipasavyo, akaenda kusali akijua kabisa kisahani kipi ni cha nani. Kisha akaja binti mwenye mikono myepesi na nia njema. Katika nyumba nzima hapakuwa na mhalifu hata mmoja, na hilo, katika kazi ya Kahaso, lilikuwa jambo la nadra kuliko mvua ya kaskazi.

Alipiga simu hospitali pale pale, akalitaja jina la dawa kama Mercy alivyolisoma kwenye pakiti ya mzee.

"Sasa umenipa adui mwenye jina," daktari alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana sukari ilikuwa ikituchezea. Ipo sindano ya kuizuia. Niache nifanye kazi."

Salwa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alilia bila kujificha, kamasi na machozi, mtandio umemwanguka mabegani. "Ni mimi. Nimemtia mtu ndani kwa mkono wangu, na mkono huo huo ndio uliomlisha mama sumu. Nishike mimi, inspekta."

"Nikushike kwa kosa gani? La kufunika chakula kisiingie nzi?" Kahaso alisimama, akamtazama kwa huruma ambayo hakuwa na desturi ya kuionyesha kazini. "Ulikosea visahani. Kosa lako jingine lilikuwa kuwa na hakika upesi. La kwanza tumelirekebisha. La pili ni lako na wifi yako, mimi simo."

Habari ilikuja alasiri, wakati Swafwan alipokuwa akitia saini ya mwisho kwenye bahasha za ushahidi. Sukari ya Bi Mishi ilikuwa imetulia, haikushuka tena. Alikuwa amefumbua macho. Alikuwa ameuliza ni wakati wa sala gani, na alipoambiwa alale kwanza alimgombeza muuguzi. Swafwan alisema alhamdulillahi kwa sauti iliyowashitua kuku, na Kahaso, aliyesoma shule ya misheni, aliitikia.

Warda alirudishwa na gari la polisi jua likiwa limeshapungua ukali. Kahaso alimsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni. Alimwomba radhi kwa niaba ya kituo, na radhi ya namna hiyo haitolewi kwa simu. Salwa alikuwa amesimama kizingitini. Ilionekana wazi kwamba alikuwa ameyapanga maneno yake, marefu, yenye Mungu na Mtume ndani yake.

"Asalaam alaikum," Warda alisema. Uso wake ulikuwa umechoka, nguo zimekunjamana. Alivua viatu, akampita wifi yake, akaingia moja kwa moja chumba cha mzee.

Salwa alimfuata, Kahaso nyuma yake. Warda alikuwa amekwishapiga goti kitandani, mkono chini ya bega la Mwinyihaji.

"Nani amemgeuza tangu juzi?"

"Kumgeuza?" Salwa alisema. "Mimi... mimi nilimbadilisha shuka tu."

"Asipogeuzwa mgongo unaoza. Njoo. Shika miguuni, mimi nashika bega. Bismillahi."

Wakavuta pamoja. Mzee hakusogea. Wakavuta tena, Salwa ameuma meno, mishipa ya shingo imemtoka, na ule mwili mkubwa wa seremala ukainuka kidogo, ukasita, ukageuka, ukatua ubavuni. Mwinyihaji alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyepata raha.

Salwa alikuwa akihema. "Yailahi," alisema. "Ni mzito hivi? Na mama humgeuza peke yake, mimi nikiwa Mombasa, wewe ukiwa kazini? Anaweza vipi, mwanamke wa umri wake?"

"Alikuwa hawezi tena," Warda alisema, akimvuta mkwewe shuka mpaka begani. "Wala hakutaka watoto wake mjue. Unadhani nilimtafutia vile vidonge ili apendeze?"

Kahaso aliangalia nje, maana si kila kitu kinachotokea mbele ya polisi ni cha polisi kukitazama. Aliposikia nyuma yake kishindo cha mtu anayepiga magoti, hakugeuka. Alimsikia Salwa akiyasahau yale maneno yote marefu aliyoyapanga, akibakiwa na mafupi tu, na Warda akimwambia ainuke, adhana iko karibu na hata uji haujakorogwa.

"Nitaukoroga," Salwa alisema. Akajipangusa uso kwa kiganja. "Lakini nifundishe kwanza. Mombasa sirudi mpaka niweze. Kesho asubuhi, wifi, bega nishike mimi."